VIFARANGA ULIONUNUA NI WA KUKU GANI?

Jumamosi moja asubuhi mama mmoja, jirani yangu hapa Dandora katika Awamu ya Nne, alibisha hodi mlangoni kwangu huku amekumbatia sanduku la karatasi ngumu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Sanduku lilikuwa na matundu ubavuni, na ndani yake vifaranga walikuwa wakilia.

"Mwalimu," akasema, "nimepata kuku wa mayai. Njoo unihesabie kama wametimia mia." (Majirani huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla sijawa karani katika ofisi ya kilimo.)

Nikafunua sanduku. Wote walikuwa wa rangi moja, manjano hafifu kama uji wa mahindi mabichi, wazima na wachangamfu, macho yao yang'aa. Nikamwuliza, "Mama, huyo aliyekuuzia alikuambia ni kuku gani?"

"Wale wekundu wa kahawia, wanaotaga kila siku."

"Mbona hawa ni weupe?"

"Alisema rangi itageuka wakikua."

Aliyemwuzia alikuwa kijana mwenye pikipiki kando ya barabara, na risiti hakutoa. Fedha zilikuwa za chama, zamu yake ilipofika. Shabaha yake ilikuwa kubakiza vifaranga 50 katika kizimba nyuma ya nyumba, na 50 wengine kuwapeleka kwa mama mkwe wake Kinangop, mwenye shamba katika skimu. Mzee huyo alikwisha jenga banda akawa anangoja.

Wasomaji wetu wa mashamba ya skimu wanajua vema jambo hili, maana wengi wenu vifaranga vyenu hutoka mjini kwa njia kama hiyo, wakiletwa na mwana au mkwe katika matatu. Dandora yenyewe ni skimu ya namna yake. Ilipangwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000, na aliyepata kiwanja alipewa choo, maji na mahali pa kuanzia, kisha akajenga mwenyewe kadiri ya nguvu zake. Ni sawa na wale walioingia Kinangop kuanzia mwaka 1962 katika mpango wa Ekari Milioni Moja, wakapewa ardhi na deni pamoja. Mtu wa namna hiyo akinunua vifaranga mia huwa ameweka rehani akiba yake yote, wala hana nyingine ya kujaribia.

Basi tuulize: je, mtu aweza kufunua sanduku na kusema hawa ni kuku gani? Aweza kwa kiasi fulani. Siku ya kwanza kifaranga husema mambo machache ya kweli, na mengine husema baada ya wiki moja au tatu. Kosa la watu wengi ni kumlazimisha aseme yote siku ile ile.

USITEGEMEE RANGI PEKE YAKE

Hapa Eastlands kuna kanuni inayojulikana na kila mtu: wa manjano ni wa nyama, wa kahawia ni wa mayai, wa madoadoa ni wa kienyeji. Kanuni hii ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyompata jirani yangu.

Ni kweli kwamba kuku wa nyama wa kisasa, wale tunaowaita broila, karibu wote huanguliwa wakiwa manjano, kwa kuwa wakikua huwa weupe. Lakini wako na wengine wanaoanguliwa wakiwa manjano. Leghorn mweupe, kuku mwembamba wa mayai meupe, ni manjano. Light Sussex, kuku mzito ambaye masetla wa zamani walimpenda, ni manjano au rangi ya malai. Tena majogoo ya wale kuku wa kahawia wa mayai, yaani ISA Brown, Lohmann Brown na ndugu zao, ni manjano hafifu pia. Hapa ndipo hila ilipo.

Nitaeleza sababu yake, kwa maana akiielewa mtu hatadanganywa tena. Katika kuku, kuna rangi ambazo mama huwarithisha wana wa kiume tu. Ukichukua jogoo mwekundu, kama Rhode Island Red, ukampandisha kwa kuku mwenye rangi ya fedha, kama Light Sussex, mabinti wote hutoka na rangi ya baba na wana wa kiume hutoka na rangi ya mama. Vifaranga wa kahawia ni majike, weupe ni madume, na mtoto wa shule aweza kuwatenga. Kuku wa kahawia wa mayai wanaouzwa leo wameundwa kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana mwenye mashine ya kuangulia hutenga mia kwa mia bila kuwapekua. Majike huyauza kwa bei kamili. Majogoo, ambayo hayatagi wala hayanenepi upesi, hayana kazi kwake. Huyaua siku ile ile au huyatoa kwa bei ya chini mno. Yakishatoka mlangoni, huenda yakapata jina jipya njiani.

Mwingereza mmoja, Profesa Reginald Punnett wa Cambridge, alilieleza jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwashauri watu watumie rangi kutambua majogoo mapema ili chakula kilichokuwa haba kisiliwe na kuku wasiotaga. Zaidi ya miaka mia imepita, na hesabu ni ile ile.

Angalieni jambo moja. Njia hii hufaulu upande mmoja tu. Ukigeuza, ukatwaa jogoo la Light Sussex na kuku wa Rhode Island Red, vifaranga wote hutoka weupe, na rangi haikuambii lolote. Tena hufaulu kizazi kimoja tu. Mkulima akiwachukua kuku wake wa kahawia akawapandisha na jogoo lao, akaatamiza mayai, watoto watatoka mchanganyiko wala hawatataga kama mama zao.

MAMBO YA KUTAZAMA SIKU YA KWANZA

Mchukue kifaranga mkononi, mahali penye jua. Kwanza tazama miguu. Kifaranga wa broila ana miguu minene, na kifua chake ni kipana tangu mwanzo. Wa mayai ana miguu myembamba na mwili mrefu kidogo. Rangi ya ngozi ya miguu nayo ni shahidi mzuri kuliko manyoya, kwa sababu haina ujanja: Leghorn na Rhode Island Red wana miguu ya manjano, Light Sussex ana miguu myeupe yenye wekundu hafifu, na Australorp mweusi ana miguu ya rangi ya risasi.

Kisha tazama kichwa. Upanga hata siku ya kwanza huonekana kama mstari mdogo juu ya mdomo. Ukiwa mmoja uliosimama, huyo aweza kuwa wa karibu kila aina niliyoitaja. Ukiwa mpana, uliolala kama punje nyingi pamoja, basi damu nyingine imeingia, na aliyekuambia kuwa ni Leghorn safi wa mashine kubwa akueleze vizuri.

Vifaranga weusi huwachanganya wengi. Plymouth Rock wa mistari huanguliwa mweusi mwenye doa jeupe utosini. Doa la jogoo ni kubwa lililotawanyika. La jike ni dogo lenye mpaka. Australorp pia ni mweusi, lakini weupe wake uko tumboni na kwenye ncha za mabawa. Nimewahi kuona mkulima akitupa sifa zote kwa "kuku weusi wa Australia" wakati vifaranga wake wote walikuwa na doa utosini. Hakudhurika sana, maana Plymouth Rock ni kuku mwema, ila alikuwa anawangojea watu wasiokuwapo.

Rhode Island Red ni kahawia nyekundu, pengine mwenye mstari mweusi mgongoni. Majike ya kuku wa kisasa wa mayai hufanana naye sana, na siku ya kwanza mimi mwenyewe siwezi kuapa nani ni nani. Hapo risiti hujua zaidi kuliko macho.

Watu huniuliza pia juu ya bawa. Ni kweli kwamba katika koo fulani jike huanguliwa na manyoya marefu ya bawa yaliyozidi yale ya juu yake, na ya jogoo huwa sawasawa. Lakini jambo hili ni la koo zilizopandishwa kwa shabaha hiyo. Ukilijaribu kwa vifaranga wa kienyeji utakuwa unapiga ramli. Iko na njia ya Wajapani, waliyoieneza ulimwenguni katika miaka ya 1920 na 1930, ya kumfinya kifaranga sehemu ya nyuma na kutazama alama ndogo ndani. Wataalamu wake hujifunza kwa muda mrefu. Asiyejifunza huua kifaranga.

WA KIENYEJI NA WALIOBORESHWA

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo yenye ulaghai mwingi siku hizi, kwa kuwa nyama na mayai ya kienyeji yana bei.

Kuku wetu wa asili wamebeba rangi zote za dunia. Mna kuchi mwenye miguu mirefu, kishingo asiye na manyoya shingoni, na kidimu ambaye manyoya yake yamepinduka. Kishingo hujulikana siku ya kwanza, kwa maana huanguliwa shingo wazi. Kidimu lazima umngoje ahote manyoya ya kweli. Tena damu imechanganyika. Tangu mwaka 1976, katika mpango wa taifa wa kuendeleza kuku uliosaidiwa na Uholanzi, wanavijiji wengi walipewa majogoo ya gredi badala ya yale yao. Kwa hiyo ukiona kifaranga mwekundu wa Rhode Island chini ya kuku wa bibi yako, usishangae. Yawezekana babu wa babu yake alikuja kwa gari la Serikali.

Sasa wako na walioboreshwa: wa KALRO kutoka Naivasha, Kuroiler ambaye asili yake ni Bara Hindi, Rainbow Rooster wa huko huko, na Sasso wa Ufaransa. Sasso wengi ni wekundu. Hao wengine huja na mistari kama ya kware, madoa, weusi, manjano, yote katika sanduku moja. Muuzaji mwenye nia mbaya hana kazi kubwa: hukusanya vifaranga wa kienyeji kutoka huku na huku akawaita Kuroiler. Au huangua mayai ya Kuroiler wa jirani yake, ambao watoto wao hawafikii wazazi kwa uzito wala kwa mayai. Kwa rangi hutamjua. Nakuambia wazi, mimi nikifunuliwa sanduku la namna hiyo husema, "Lete karatasi."

Lakini kuna dalili moja. Vifaranga waliotoka katika mashine moja siku moja hulingana ukubwa na umri. Tazama ncha za mabawa: kama baadhi wamekwisha ota manyoya magumu na wengine bado, na kama baadhi wana jino dogo jeupe kwenye ncha ya mdomo, lile la kutobolea yai, na wengine limekwisha dondoka, basi hao hawakuanguliwa pamoja. Wameokotwa. Na waliookotwa huleta maradhi ya kila nyumba walikopita.

MIZANI NA WIKI TATU

Narudi kwa jirani yangu. Siku ile nilimwambia kwamba vifaranga wake waweza kuwa mambo matatu: broila, Leghorn, au majogoo ya kuku wa kahawia. Nikamsihi asipeleke hao 50 Kinangop Jumatatu kama alivyoahidi. Hakufurahi. "Nitamwambia nini mama mkwe wangu?" akauliza. Nikamwambia amwambie kwamba kuna baridi barabarani, na hilo si uongo. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la sentigredi 32 hadi 35, na milima ile haiwangojei. (Kifaranga aliyetoka yaini huishi kwa kiini kilichobaki tumboni mwake, akaweza kukaa hata siku mbili au tatu bila kula. Ndiyo sababu wanasafirishwa siku ya kwanza. Baridi ndiyo isiyomsamehe.)

Siku ya saba nilikwenda na mizani ya jikoni. Huu ni mtihani ambao kila mkulima aweza kuufanya, na kwangu mimi wapita mitihani mingine yote. Broila aliyelishwa vizuri huongeza uzito wake kama mara nne katika wiki ya kwanza, akafika karibu gramu 180 au zaidi. Kifaranga wa ukoo wa mayai, jike au jogoo, hufika gramu 65 au 75 tu. Tulipima kumi kwa pamoja katika bakuli. Wote kumi hawakufikia hata kilo moja. Broila wakafutwa katika orodha.

Pakabaki Leghorn na majogoo. Mama akashika tumaini la Leghorn kwa mikono miwili, na mimi nikamwacha, maana siku ya saba sikuwa na ushahidi wa kutosha wa kumpokonya. Wiki ya tatu manyoya yakaanza kujaa mabegani. Leghorn huwa mweupe kabisa. Hawa walitoa wekundu kidogo begani na mgongoni, kama nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na nyekundu. Wiki ya tano panga zao zilikuwa zimesimama, nyekundu, wote mia kasoro watatu waliokufa. Hapakuwa na tembe hata mmoja.

Fanyeni hesabu aliyokuwa amekaribia kuingia. Kuku wa mayai tangu kifaranga hadi wiki ya 18 hula kama kilo 6 au 7 za chakula. Kwa kuku mia hayo ni magunia tisa au kumi ya kilo 70. Kama angaliamini kwamba rangi itageuka, angalilisha magunia yote hayo, akaweka viota na nyasi safi, akangoja yai la kwanza katika mwezi wa tano, na mzee wa Kinangop akingoja upande wake. Yai hilo lisingalitagwa kamwe.

Alifanya la busara. Alipunguza hasara mapema. Alibakiza majogoo yale akiyalisha kwa kiasi, mengine akayauza yakiwa mapora ya wiki ya kumi, na yaliyobaki akayapeleka sokoni Burma karibu na sikukuu. Burma iko Barabara ya Jogoo, na hilo lilimfanya acheke kwa mara ya kwanza katika habari hii yote. Fedha za vifaranga zilirudi, na za chakula sehemu yake. Kuyaachilia yajitafutie chakula hakukubali, ingawa wako wanaofanya hivyo. Jaa la Dandora liko karibu, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulikuta risasi katika udongo wa hapo na katika damu ya watoto. Kuku anayechakura huko aila risasi hiyo, na sisi twamla yeye.

MARA YA PILI

Alipotaka kununua tena alikuja kuniuliza aseme nini kwa muuzaji. Nilimwambia aulize maneno haya: waliangulia wapi, lini, wa ukoo gani, ni majike matupu au mchanganyiko, na je, walichanjwa ugonjwa wa Marek kabla ya kutoka. Chanjo hiyo hupigwa siku ya kwanza kwenye mashine, na huwezi kuirudisha nyuma. Za Kideri na Gumboro hufuata nyumbani kwa siku zake. Muuzaji wa kweli huyajibu yote bila kukasirika na huyaandika kwenye risiti. Akisema, "Mama, wewe amini tu," funga mkoba wako.

Alinunua kwa wakala mwenye duka, akaagiza wiki kadhaa mbele. Siku walipofika aliniita tena nihesabu. Sanduku lilikuwa na vyumba vinne, 25 kila kimoja, na wawili wa nyongeza. Wote wa kahawia, isipokuwa wawili waliokuwa manjano hafifu, wamekaa kwenye pembe moja.

"Mwalimu, na hawa?"

"Hao ni majogoo. Waliowatenga waliwapita. Wawili katika mia si wizi."

Akawatazama kitambo. Kisha akahesabu 50 wa kahawia, akawaweka katika sanduku jingine lenye majani makavu, akafunga kwa kamba. Ubavuni akaandika kwa kalamu tarehe ya kuanguliwa, ukoo, idadi, na namba ya risiti, herufi kubwa ili mama mkwe asome bila miwani. Wale wawili weupe akawabakiza Dandora.